Usinunue injini kwa mlio wake

NILIKUWA Manyovu, upande wa Tanzania, nikisubiri karatasi za forodha za injini moja ya boti, ndipo mpwa wangu aliponiuliza swali lililonifanya niandike makala haya.

"Mjomba, hii haiwezi kurusha ndege?"

Nilicheka. Kijana akatoa kwenye begi daftari la shule. Ndani yake alikuwa amechora kwa penseli kiti kimoja, magurudumu matatu, mlingoti, na juu ya mlingoti pangaboi lenye mapanga mawili. Nikaacha kucheka. Chombo kile nakijua. Nimekifungia injini kwa mikono yangu, na kwa uzembe wangu mtu aliyenitendea wema nusura apoteze maisha.

Nikamwambia nitamjibu. Jibu lenyewe ni hili, na nimeona si lake peke yake. Sisi tunaovusha injini mpakani kila wiki linatuhusu pia.

Chombo chenyewe

Ndugu msomaji, huenda hujawahi kukiona chombo hiki. Kinaitwa jairokopta. Kwa mbali utadhani ni helikopta ndogo, lakini sivyo. Pangaboi la helikopta huzungushwa na injini. La jairokopta, likiwa angani, huzungushwa na upepo unaopenya kutoka chini kwenda juu wakati chombo kinasonga mbele. Injini ina kazi moja tu, kuzungusha propela iliyo nyuma ya kiti ili chombo kisukumwe.

Wa kwanza kufanikiwa alikuwa Mhispania Juan de la Cierva, ambaye chombo chake kiliruka karibu na Madrid mwaka 1923. Alikuwa akitafuta ndege isiyoanguka ghafla mwendo unapopungua. Miaka ya 1950, Igor Bensen, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alibuni jairokopta ya kiti kimoja ambayo mtu wa kawaida angeweza kuiunda nyumbani kwa kufuata michoro. Karakana yake ilikuwa Raleigh, katika jimbo la North Carolina.

Injini iliyotumika sana wakati huo ilikuwa McCulloch ya silinda nne, yenye nguvu za farasi 72. Ilitengenezwa kwa ajili ya ndege zisizo na rubani ambazo jeshi lilizitumia kama shabaha ya kufanyia mazoezi. Msomaji atajijibu mwenyewe kama injini ya shabaha ilitengenezwa ili idumu.

Jinsi nilivyoingia

Nilizaliwa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wameikimbia Burundi mwaka 1972. Ufundi niliupata ufukweni Kigoma, kwenye injini za boti za wavuvi wa dagaa. Hizo ni injini za mipigo miwili, yaani zile ambazo oili yake huchanganywa ndani ya petroli. Mwaka 2007, Marekani ilipoanza kuwapokea wakimbizi wa 1972, familia yetu ilikuwa kambini wilayani Kasulu. Tukajikuta North Carolina.

Nilipata kazi kwenye karakana ya mashine za kukatia nyasi na misumeno ya injini. Mteja wetu mmoja, mzee mstaafu, alinizoea. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, na ndiye aliyetupeleka hospitali usiku wa manane mke wangu aliposhikwa na uchungu. Katika gereji ya nyumba yake alikuwa akiunda jairokopta. Fremu ya alumini ilikuwa tayari, na pangaboi alishalinunua. Kilichobaki ni injini.

Akaniambia, "Wewe unazijua za mipigo miwili kuliko mimi. Nisaidie kuchagua."

Nguvu au uzito?

Kwa nini mipigo miwili? Kwa sababu huwaka kila mzunguko mmoja wa krenki, na haina valvu wala kemshafti. Vipuri ni vichache, uzito ni mdogo, na kwa kila kilo unapata nguvu nyingi. Injini ya mipigo minne kama Rotax 912 ya Austria, yenye farasi 80, hudumu zaidi, lakini ikishafungwa kila kitu huzidi kilo 65 na bei yake ni ya mtu mwenye uwezo. Kwa chombo cha kiti kimoja, mzigo huo ni mkubwa.

Tukabaki na injini tatu, zote Rotax, zote za silinda mbili. Ya kwanza ni 447, yenye farasi 40 na inayopozwa kwa hewa. Inamfaa rubani mwembamba, lakini ina plagi moja tu kwa kila silinda. Ya pili ni 503, ya farasi 50, nayo hupozwa kwa hewa, ila ina plagi mbili kwa kila silinda, ili moja ikifa nyingine iendelee. Ya tatu ni 582, ya farasi 65, yenye plagi mbili pia, lakini hupozwa kwa maji. Maana yake kuna rejeta, mipira, pampu, na vibana ambavyo kila kimoja kinaweza kulegea.

Zote hufungwa giaboksi ya kupunguza kasi ya propela. Krenki ikizunguka mara 6,500 kwa dakika na giaboksi ikiwa ya 2.58 kwa moja, propela huzunguka takriban mara 2,500. Propela kubwa inayozunguka polepole husukuma hewa vizuri kuliko ndogo inayopiga kelele. Ndiyo sababu farasi 50 wenye giaboksi huweza kufanya kazi ya wale 72 wa McCulloch, ambayo propela yake ilifungwa moja kwa moja kwenye krenki.

Mzee alitaka 582. Kama wengi wetu, aliona kwamba farasi wengi ndio usalama.

Kosa langu

Tulipata 582 iliyotumika. Muuzaji alisema ina saa 60 tu za kazi na imekaa ghalani muda mrefu. Hakuwa na daftari la kumbukumbu. Bei ilikuwa ya kuvutia. Aliiwasha mbele yetu, ikawaka mara ya pili. Nikainama, nikasikiliza kama nilivyozoea Kigoma, nikasema, "Inalia vizuri. Chukua."

Sikufungua hata ekzosti.

Ningeifungua ningeweza kuona ubavu wa pistoni kupitia tundu la moshi, kama una mikwaruzo, na kama ringi zinacheza. Ningetoa plagi na kuizungusha krenki kwa mkono polepole, nisikie kama beringi zinakwaruza. Ningepima mgandamizo wa kila silinda. Ningepima kwa geji kama krenki imenyooka. Kazi hiyo haimalizi saa mbili.

Tena, sifa ile ya kukaa ghalani ndiyo iliyopaswa kunitia shaka. Injini ya mipigo minne ina oili yake chini ya tumbo. Ya mipigo miwili haina akiba hiyo. Oili hupita na petroli na kutoka na moshi. Ikikaa miaka bila kuwashwa wala kuwekewa mafuta ya kuihifadhi, unyevu huingia na beringi za krenki hushika kutu. Ndiyo maana kiwanda kinataka injini hizi zifanyiwe ukarabati mkubwa kila saa 300 au kila miaka 5, lolote litakalotangulia. Sisi tuliangalia saa tukasahau miaka.

Kuna kosa jingine tulilolifanya. Ili propela kubwa isiguse fremu, tuliipandisha injini juu. Mjenzi mmoja mzoefu alipokuja kutazama, alitikisa kichwa. Alitueleza kuwa msukumo wa propela ukipita juu ya kitovu cha uzito, na pangaboi likapoteza mzigo wake ghafla kwa upepo au kwa mkono mzito wa rubani, propela hukipindua chombo kichwa chini kabla rubani hajajua la kufanya. Kwa lugha nyingine, nguvu nyingi zilizofungwa mahali pasipofaa zinaweza kuua hata injini ikiwa nzima.

Mzee aliahidi kuishusha mwisho wa msimu.

Siku ilipozima

Ilikuwa mwaka 2013, asubuhi tulivu. Mzee alikuwa na mafunzo na mwalimu, na alikuwa na mazoea mazuri. Hakuruka kamwe juu ya msitu wala nyumba kama hana uwanja mtupu wa kutua chini yake. Mimi nilikuwa chini, nimesimama kando ya gari.

Nilisikia injini ikikata. Haikukohoa wala kupunguza mlio kwanza. Ilikata mara moja, kama mtu aliyezibwa mdomo. Kilichobaki ni sauti ya pangaboi likikata upepo.

Hapo ndipo uzuri wa chombo kile ulipoonekana. Kwa kuwa pangaboi halitegemei injini, liliendelea kuzunguka. Mzee aliinamisha pua kulinda mwendo, akashuka kwa pembe kali kuelekea shamba la soya, akainua pua karibu na ardhi, akakaa chini. Gurudumu la mbele lilivunjika kwenye tuta. Yeye mwenyewe aliumia kifundo cha mkono tu. Kama ingezima dakika mbili nyuma, alipokuwa akigeuka ukingoni mwa miti, nisingekuwa na hadithi ya kusimulia kwa utulivu huu.

Jioni tuliifungua. Beringi ya krenki upande wa propela ilikuwa na madoadoa ya kutu. Ilikuwa imekatika na kusaga kila kitu. Nilishindwa kumtazama usoni. Yeye akasema tu, "Kitabu cha kiwanda kilinionya kwamba inaweza kuzima ghafla. Nilikisoma. Wewe hukukisoma." Ni kweli. Onyo hilo limo kwenye kitabu cha mtengenezaji mwenyewe.

Chaguo la pili

Safari hii tuliuliza swali tofauti. Tuliacha kuuliza ipi ina nguvu zaidi, tukauliza ipi ina vitu vichache vya kuharibika, na siku ikizima itatuacha wapi.

Tulichukua 503. Nayo ilikuwa imetumika, kwa kuwa kiwanda kimeshaacha kuitengeneza, lakini tuliifungua yote na kuiwekea krenki mpya, pistoni, ringi na sili. Hakuna maji, hakuna rejeta. Propela ilikuwa fupi zaidi, hivyo injini ikashuka mahali pake. Mzee, ambaye hakuwa mnene, alipunguza mizigo badala ya kuongeza farasi.

Kisha tukafuata masharti. Oili sehemu moja kwa petroli sehemu 50, yaani lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili, kwa kipimo na si kwa kukadiria. Tuliweka geji ya joto la moshi, kwa maana joto hilo halitakiwi kupita nyuzi 650 za Selsiasi. Likipanda, mara nyingi petroli inayoingia ni pungufu, na petroli ikipungua oili nayo imepungua. Hapo pistoni huvimba na kukamata. Tuliilainisha kwanza ikiwa imefungwa chini, tukiipandisha na kuishusha kwa ratiba ya kitabu. Kila saa ya kazi iliandikwa kwenye daftari.

Jibu kwa mpwa wangu

Nilirejea Burundi mwaka 2019, na sasa biashara yangu ni spea na injini za boti. Kwa hiyo, mpwa wangu, nisikilize.

Injini ya boti hairushi ndege. Hupozwa kwa maji ya ziwa, krenki yake imesimama wima, na mguu wake wa chuma ni mzigo mtupu hewani. Ya pikipiki ya cc 100 au 150 haina farasi wa kutosha. Kumbuka pia milima yetu. Injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Farasi 50 wa kiwandani, ukiwapeleka Gitega kwenye mita 1,500, hubaki kama 43. Na kabla ya kununua hata nati moja, nenda ukaulize mamlaka ya usafiri wa anga, kisha umtafute mwalimu. Wengi waliokufa na vyombo hivi walijifundisha wenyewe.

Sikukatazi ndoto yako. Nakukataza haraka.

Na kwenu wafanyabiashara wenzangu. Mashua ikizimika katikati ya Tanganyika usiku, ikiwa na abiria na upepo umegeuka, haina pangaboi la kuishusha polepole. Injini tunazouza zimebeba watu. Siku hizi siuzi injini ya mtumba kabla ya kufungua ekzosti, kutoa plagi na kuzungusha krenki kwa mkono. Kila moja inaondoka dukani na daftari lake, hata kama mnunuzi ananicheka.

Mpwa wangu yuko nami karakanani tangu mwezi ule. Wiki iliyopita aliirudisha injini moja kwa muuzaji Kigoma, ingawa iliwaka mara ya kwanza na mlio wake ulikuwa mtamu. Nilipomuuliza sababu, alinionyesha kidole chake cha shahada. Kilikuwa na vumbi jekundu la kutu.