Neno "Gereza" Lilitoka Wapi?

Ukitoka Ifakara kwa barabara ya Kidatu, unapita Kiberege. Huko kuna gereza. Idete nako kuna gereza, na wafungwa hulima mpunga. Kila mtu katika bonde la Kilombero analijua neno hili, na hakuna anayelipenda. Lakini zamani sana neno hili halikuwa na maana ya kifungo. Lilikuwa na maana ya mkutano.

Lisome polepole: ge-re-za. Sasa tufuate safari yake.

Kwanza: mkutano

Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, katika mji wa Athene huko Ugiriki, raia waliitwa pamoja wazungumze mambo ya mji wao na kupiga kura. Mkutano huo uliitwa ekklesia. Ulifanana na mkutano mkuu wa kijiji chetu, ila wanawake na watumwa hawakuruhusiwa kuingia.

Pili: kanisa

Baadaye Wakristo walilichukua neno hilo. Walilitumia kwa mkusanyiko wa waumini, kisha kwa nyumba ya kusalia. Neno likaenea Ulaya, na kila taifa likalitamka kwa namna yake. Wahispania husema iglesia. Jirani zao Wareno husema igreja.

Tatu: ngome

Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498. Baadaye walijenga ngome ili waitawale pwani. Ngome kubwa ya Mombasa walianza kuijenga mwaka 1593, na ndani yake waliweka kanisa. Watu wa pwani walisikia neno igreja. Waliacha i ya mwanzo, wakatia e kati ya g na r. Likawa gereza. Nao wakaliita hivyo boma lote, si kanisa peke yake. Hata leo, ngome ya zamani ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza.

Nne: kifungo

Ngome ina kuta nene na mlango imara. Anayezuia adui asiingie anaweza pia kuzuia mtu asitoke. Huko Unguja, Waarabu wa Omani walijenga ngome mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Baadaye ngome hiyo ikafungiwa watu. Mombasa nako, Waingereza waliifanya ngome ile kuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Basi watu wakisema "gereza", wakawa hawafikirii tena kanisa wala ngome. Wakafikiri kifungo.

Tunajifunza nini?

Neno lilianza kwa watu walioitwa wakutane waseme. Likaishia kwa watu waliofungiwa. Herufi hazikufanya hivyo. Ni watu, kwa matendo yao, walioligeuza.

Na safari haijaisha. Zanzibar leo, idara inayotunza wafungwa haiitwi Magereza. Inaitwa Chuo cha Mafunzo. Jina hilo linasema kwamba mfungwa aingie ajifunze, kisha arudi kwao akiwa mtu mwema. Lakini jina jipya litapata maana yake kwa yale yanayotendeka ndani ya kuta.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Taja maana nne za neno hili, tangu mwanzo.
2. Je, kubadili jina la kitu kunabadili kitu chenyewe?
3. Neno gani kijijini kwenu limebadilika maana tangu utoto wako?