Mti wa nyumbani huhitaji matunzo mwaka mzima

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani ya Tanzania hupanda miti majumbani mwao mvua za masika zinapoanza. Mwembe huwekwa uani kwa ajili ya kivuli na matunda, miashoki hupangwa kando ya ukuta na michongoma hufanywa uzio. Baada ya hapo miti huachiwa Mungu, hadi siku tawi litakapoangukia bati.

Ni vyema ikaeleweka kwamba kila msimu una kazi yake katika utunzaji wa miti, na kazi ikifanywa nje ya wakati wake huweza kuleta hasara.

Januari na Februari, mavuno ya embe yanapomalizika, ndio wakati unaofaa kupogoa mwembe. Huondolewa matawi makavu, yaliyooza, yanayosuguana na yale yanayoelemea paa. Kazi hiyo ikamilike kabla ya Machi, kwa kuwa udongo uliolowa kwa masika haushiki mizizi kwa nguvu, na upepo mkali huweza kuung'oa mti wenye kichwa kizito.

Tawi nene hukatwa kwa hatua tatu. Kwanza msumeno huingizwa kwa chini, yapata sentimita 30 kutoka kwenye shina, hadi theluthi ya unene wake. Kisha hukatwa kwa juu, mbele kidogo ya mkato huo, ili tawi lianguke bila kuchuna gome la shina. Mwisho huondolewa kipande kilichosalia, karibu na uvimbe unaozunguka mahali tawi lilipoota. Uvimbe huo usikatwe, maana humo ndimo linamotoka gome jipya la kuziba jeraha. Kupaka rangi au lami hakuuharakishi mti kupona.

Kosa lililozoeleka ni kukata kichwa chote cha mti kwa kuhofia upepo. Mti huo huchipua upesi, lakini machipukizi hayo hujishikiza karibu na gome tu, huku kisiki kikioza kwa ndani. Yakinenepa hukatika kwa urahisi, na hivyo aliyetafuta usalama huwa amejiongezea hatari. Aidha, matawi yaliyofikia nyaya za umeme yasiguswe na asiye fundi. Taarifa itolewe TANESCO.

Masika, kati ya Machi na Mei, ni wakati wa kupanda na kuweka samadi iliyooza vizuri. Kiriba kiondolewe kabisa, na mche usifukiwe kwa kina kuliko ulivyokuwa ndani yake, kwa sababu shina lililofunikwa na udongo huoza. Mifereji ichimbwe pale maji yanapotuama, kwani mizizi nayo huhitaji hewa.

Kuanzia Juni hadi Septemba mvua huwa haba, na hapo ndipo miche mingi hufa. Kumwagia maji kidogo kila jioni hakutoshi, kwani hulowanisha udongo wa juu pekee na kuifanya mizizi ibaki karibu na jua. Mche mchanga hufaidika zaidi na ndoo ya lita 20, mara moja au mbili kwa wiki, ikimiminwa taratibu. Matandazo ya majani makavu, yenye unene wa sentimita 5 hadi 10, huhifadhi unyevu huo, ila yasigusane na shina. Katika miezi hiyo hiyo mwembe huchanua, hivyo usipogolewe.

Mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, hutoa nafasi ya pili ya kupanda. Michongoma iliyochipua kwa fujo hupunguzwa wakati huo, pembeni na juu, huku sehemu ya chini ikiachwa pana kidogo ili ipate mwanga na isipukutike majani.

Ukaguzi ni wa mwezi hadi mwezi. Vijia vya udongo vinavyopanda shinani ni dalili ya mchwa, na masizi juu ya majani huashiria wadudu wanaofyonza utomvu upande wa chini, ambao hupungua kwa kunyunyiziwa maji ya sabuni. Waya wa kuanikia nguo uliofungwa kuzunguka shina uondolewe mapema, kabla haujazama ndani ya gome na kuunyonga mti.

Mwenye nyumba anayezingatia ratiba hii atapata kivuli na matunda kwa miaka mingi, na masika hayatamtia hofu ya paa lake.