Kumtafuta Babu Mdachi katika Hati za Zamani

Huenda nyumbani kwenu, ndugu msomaji, pana masimulizi ya namna hii: kwamba zamani, kabla ya Vita Kuu ya kwanza, alikuja Mdachi mmoja akakaa karibu na Ziwa, akalima kahawa, akazaa mtoto na binti wa nchi, kisha akaondoka wala hakurudi tena. Jina lake limebaki, lakini limepindwa na ndimi za watu hata halifanani na jina lolote la Ulaya. Katika mazungumzo haya twataka kuonyesha jinsi mtu wa namna hiyo awezavyo kufuatwa katika hati, hasa katika nchi ya Bukoba na Muleba, ambako kazi hiyo ina ugumu wake wa peke yake.

Wako wasemao kwamba kuchungua habari za wafu ni kupoteza wakati. Sisi hatusemi hivyo. Katika Buhaya mtu hutambulikana kwa ukoo wake na kwa omuziro, yaani mwiko wa ukoo huo. Naye asiyeweza kutaja ukoo wa baba husitasita kila aulizwapo, iwe kwa habari ya kuoa, iwe kwa habari ya kibanja cha urithi. Swali la kwamba yule Mdachi alikuwa nani laweza kumkalia mtu moyoni tangu utoto hata uzee.

Jambo la kwanza si kutafuta jina. Jambo la kwanza ni kuuliza kama kweli alikuwa mkulima. Wadachi walijenga boma Bukoba mwezi wa Novemba 1890, chini ya Emin Pasha. Lakini walowezi wao, wale waliopewa mashamba makubwa, walikwenda hasa Usambara, Kilimanjaro, Meru na sehemu za pwani. Mambo ya Bukoba yalikuwa mengine. Tangu mwaka 1906 hivi nchi tatu, yaani Rwanda, Urundi na Bukoba, ziliwekwa chini ya Maresidenti: watawala wa nchi waliachwa katika viti vyao, na Mzungu wa Serikali akakaa karibu nao kuwaangalia na kuwaamrisha. Huko milango haikufunguliwa kwa walowezi kama ilivyofunguliwa Usambara. Hesabu ya mwaka 1913 yaonyesha Wazungu wapatao 5,300 katika Afrika ya Mashariki ya Kidachi yote, na wenye kulima hawakufika 900 kati yao. Basi wewe mwenyewe waweza kukisia ni wangapi waliosalia kwa Bukoba. Tena kahawa ya Bukoba haikumngoja Mzungu. Wahaya walikuwa wakiichemsha, wakiikausha na kuitafuna, na kumpa mgeni kwa heshima, tangu siku ambazo hakuna Mdachi aliyelitia macho Ziwa. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Kidachi, Residenti von Stuemer aliwahimiza wenyeji wenyewe waipande kwa kuuza.

Kwa sababu hiyo, mzee asemapo "Mdachi mwenye shamba la kahawa," yafaa kufikiri watu wa namna tatu au nne. Huenda alikuwa ofisa au sajini wa boma, na shamba lenyewe lilikuwa bustani ya boma. Huenda alikuwa mfanya biashara aliyenunua kahawa na ngozi. Huenda alikuwa mmisionari. Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892, wakapaita Marienberg, na baadaye walikuwa na misheni Kagondo na Rubya, katika nchi iitwayo leo Muleba. Wamisionari wa Bethel, ambao ni Waprotestanti, walifika mwaka 1910. Misheni zote zilikuwa na mashamba, na aliyesimamia shamba mara nyingi ndiye aliyekumbukwa na watu. Hapa twaongeza onyo dogo: jina la Kidachi katika ukoo si ushahidi wa damu ya Kidachi. Wazee wengi walipewa majina hayo siku ya ubatizo, na Mzungu akumbukwaye kama "baba" huenda alikuwa msimamizi wa ubatizo tu.

Ukiisha kukisia kazi yake, hati zake zaanza kujitenga. Maofisa na watumishi wa Serikali waliandikwa katika Deutsches Kolonialblatt, gazeti la Serikali lililoanza kupigwa chapa Berlin mwaka 1890. Humo mwatajwa aliyepewa kazi, aliyekwenda likizo na aliyekufa. Mafaili ya Wizara ya Makoloni yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani, huko Berlin. Mkulima wa kweli aliyepata ardhi ya Serikali aliandikwa katika madaftari ya ardhi, na mengi katika maandishi ya Kidachi yaliyosalia nchini yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Orodha yake ilipigwa chapa Marburg mwaka 1973, na mtafutaji asiyeanza na orodha hiyo atapoteza siku nyingi bure. Mapadre Weupe nao walikuwa na desturi njema kupita zote: kila misheni iliandika kitabu cha habari za kila siku, nani amefika, nani ameugua, nini kimepandwa. Lakini mwana wa Muleba anayemtafuta Mdachi katika vitabu hivyo ajue mapema kwamba atahitaji msaada wa mtu ajuaye Kifaransa, maana ndiyo lugha waliyoitumia hasa.

Magazeti yasisahauliwe. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung lilitoka Dar es Salaam tangu 1899 hata 1916, na lilikuwa na desturi ya kutaja abiria waliofika kwa meli na waliosafiri. Siku hizi limepigwa picha na laweza kusomwa kwa intaneti bila kwenda mbali. Hata hivyo fikiri juu ya njia. Kabla ya 1901 mtu aliyekwenda Bukoba kutoka pwani ya Kidachi alitembea kwa miguu katika msafara, akipita Tabora. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, njia nyepesi ikawa kushuka Mombasa, kupanda gari la moshi, kisha kuvuka Ziwa kwa meli. Basi mtu wa Bukoba asiyeonekana katika orodha za Dar es Salaam si kwamba hakufika. Pengine alishuka katika bandari ya Waingereza. Heri kumtafuta alikoanzia. Meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie ziliondoka Hamburg, na mji huo umeyahifadhi madaftari ya abiria tangu 1850 hata 1934, yenye jina la mtu, umri wake, kazi yake na mahali atokapo. Neno hilo la mwisho lina thamani kuliko yote, kwa kuwa huko atokako ndiko kilipo cheti cha kuzaliwa.

Sasa twafika kwenye majina, na hapa ndipo wengi hukwama. Mchukue Emin Pasha mwenyewe, Mdachi wa kwanza kuweka boma Bukoba. Ukilitafuta jina la Emin katika vitabu vya kuzaliwa vya Ujerumani hutaliona, kwa kuwa alizaliwa Oppeln mwaka 1840 akiitwa Schnitzer, naye alijitwalia jina la Emin alipokuwa katika utumishi wa Waturuki na Misri. Wala hutaiona Oppeln katika ramani ya Ujerumani ya leo; mji huo sasa uko Poland na huitwa Opole. Mtu mmoja, majina mawili, nchi mbili.

Yuko mwingine aliye karibu zaidi na habari yetu. Kijana wa Vienna, katika Austria, alikuja Afrika ya Mashariki kabla ya vita ya 1914, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge. Jina lake Hans Koritschoner. Wasomaji wa Bukoba watamjua zaidi kwa jina alilojipa baadaye, Hans Cory, ambaye pamoja na Hartnoll alitoa mwaka 1945 kitabu cha sheria za desturi za Wahaya. Mtu angemtafuta Cory katika meli na madaftari ya wakati wa Wadachi asingemwona kamwe, naye alikuwapo tangu zamani. Tena yako majina ya utani ambayo Waafrika waliwapa Wazungu, kama Carl Peters alivyoitwa Mkono wa Damu. Jina la utani halimo katika orodha yoyote ya Berlin, lakini usilitupe, kwa kuwa pengine mmisionari au ofisa aliliandika katika kitabu chake.

Maandishi yenyewe nayo yana mitego. Wadachi wa siku zile waliandika kwa mkono wa namna uitwao Kurrent. Katika mwandiko huo herufi e yafanana sana na n yetu, na u huwekewa alama juu yake ili isidhaniwe kuwa n. Mtu asiyejifunza herufi hizo atasoma jina moja akadhani ni jingine, na kumfuata mtu wa watu miaka mizima. Mahali pia pameandikwa kwa masikio ya Kidachi: Kiziba huonekana kama Kisiba, na Buhaya huandikwa Uheia. Wala usitafute wilaya ya Muleba katika mafaili ya Wadachi au ya Waingereza, kwa kuwa Muleba ilitengwa na Bukoba baada ya Uhuru, tafuta Ihangiro. Mkoa nao ulikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa, kisha ukawa Ziwa Magharibi, na tangu 1979 huitwa Kagera. Faili moja laweza kukaa chini ya lolote katika majina hayo.

Yako mapengo ambayo hakuna bidii iwezayo kuyaziba. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa wakaishambulia Bukoba, wakaivunja nguzo ya simu ya upepo, na mji ukatekwa nyara. Karatasi hazikingi moto wala mikono ya wanyang'anyi. Mwaka uliofuata Wadachi waliondoka Bukoba kabisa. Baada ya vita mali zao zilishikwa na Waingereza kama mali ya adui, zikauzwa, na wenyewe wakarudishwa kwao. Hawakuruhusiwa kurudi Tanganyika hata 1925. Lakini vita iliyopoteza karatasi nyingine ilizaa nyingine tena. Mtu aliyekuwa na shamba na kunyang'anywa aliandikwa na Waingereza, shamba lake na thamani yake, kwa usahihi ambao pengine Wadachi wenyewe hawakuwa nao. Vivyo hivyo wale waliorudi baada ya 1925 waliandikwa tena vita ya 1939 ilipoanza.

Hata hapa tumemsema baba tu. Twaona kwamba watafutaji wengi humaliza nguvu zao zote kwa baba, wakamwacha mama, na hilo huwaharibia kazi. Mwaka 1906 Serikali ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki ilikataza ndoa baina ya Wazungu na Waafrika. Basi cheti cha ndoa cha babu Mdachi na bibi Mhaya baada ya mwaka huo usitumaini kukiona, na kukosekana kwake hakuonyeshi kwamba masimulizi ya wazee ni uongo. Ofisa hakuwa na haja ya kuandika katika barua zake za kazi kwamba ana mtoto Ihangiro. Wengine walikuwa na mke kwao.

Mtoto, akiandikwa popote, ameandikwa kanisani. Vitabu vya zamani vya ubatizo vya Kanisa Katoliki viliandikwa Kilatini, navyo hutaja mtoto, wazazi, msimamizi wa ubatizo na padre aliyebatiza. Mara nyingine mahali pa baba pameandikwa pater ignotus, yaani baba hajulikani. Usikate tamaa kwa maneno hayo. Maana yake ni kwamba hakuna aliyesimama mbele ya padre akakiri. Kijiji kizima huenda kilimjua vizuri. Tazama jina la msimamizi, tazama tarehe, kisha katika kitabu cha habari za misheni usome ni Wazungu gani waliopita hapo miezi tisa au kumi kabla ya hapo. Hapo makisio yaanza kukaribia ushahidi.

Emin Pasha mwenyewe alikuwa na binti, jina lake Ferida, kwa mwanamke wa Uhabeshi. Alipokwenda bara mwaka 1890 alimwacha mtoto Bagamoyo, naye hakumwona tena, maana aliuawa Kongo mwezi wa Oktoba 1892. Lakini kwa kuwa baba alikuwa amemkiri, mtoto alipelekwa Ulaya, akalelewa na shangazi yake katika mji wa Neisse, na jina lake limo katika vitabu hata leo. Tofauti baina ya Ferida na mtoto wa Ihangiro asiyejulikana haikuwa damu. Ilikuwa karatasi moja.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua Berlin au Hamburg, keti na wazee wenu waliosalia. Uliza jina la bibi, la nyumbani na la ubatizo. Uliza ukoo wake, na kijiji alichokaa alipochukua mimba. Wazee hawatataja mwaka, basi waulize kwa mambo makubwa: mtoto alizaliwa kabla ya nyota yenye mkia, ambayo ni 1910, au baada yake, alikuwa amekwisha kutembea siku mizinga iliposikika Bukoba, ambayo ni Juni 1915, au bado alikuwa mgongoni? Andika maneno yao kama walivyoyasema, pamoja na jina la aliyesema na siku aliyosema. Kisha nenda katika parokia ya kijiji hicho cha bibi, iwe Kashozi, iwe Kagondo, iwe Rubya, na umwombe padre kwa adabu akuruhusu kulitafuta jina la bibi huyo katika vitabu vya miaka hiyo.