Somo la Kusoma Tarehe: Siku ya Chanjo na Siku ya Mpira

Fungueni madaftari. Andikeni tarehe 3 za mwaka 2021: 24 Julai, 25 Julai, 28 Julai.

Tarehe 24 ndege ilileta Dar es Salaam chanjo ya UVIKO-19, dozi zaidi ya milioni 1. Nchi yetu ilikuwa na watu karibu milioni 60. Tarehe 25 Simba na Yanga walikutana Kigoma kwa fainali ya Kombe la Shirikisho, na Simba wakashinda 1–0. (Wa Yanga mtanisamehe, hii ni hesabu tu.) Tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu wote, na kazi ya kuchanja ikazinduliwa.

Mwaona? Umati ulitangulia, chanjo ikafuata.

Tena, hata mtu angechanjwa asubuhi ya fainali, isingemfaa jioni. Chanjo si kama kidonge cha kichwa. Ni kama mbegu ya mahindi: ukipanda leo, huvuni leo. Chanjo ile iliitwa Janssen. Ilidungwa mara moja tu, lakini mwili ulihitaji kama majuma 2 au zaidi kujenga kinga. Na kinga hiyo hupunguza hatari ya kuugua sana. Aliyechanjwa aweza bado kuambukizwa na kuambukiza wengine.

Maradhi husafiri na watu. Hapa Unyamwezi twalijua jambo hili tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaenda Ujiji, na ndui ikafuatana na wapagazi njiani. Ujiji ni hapo hapo Kigoma. Siku hizi mtu hupanda gari moshi au basi, lakini njia ni ile ile.

Sasa tutazame Afrika Kusini. Mwaka ule ule ilipokea wageni wakubwa wa raga, timu ya Lions ya Uingereza na Ireland, ambayo huenda huko mara moja katika miaka 12. Raga ni mchezo wa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi. Chanjo ilikuwa imeanza kwa watumishi wa afya tarehe 17 Februari, lakini watu wengi walikuwa hawajaipata. Basi mechi kubwa 3, tarehe 24 Julai, 31 Julai na 7 Agosti, zilichezwa Cape Town bila watazamaji. Wachezaji walitengwa na kupimwa. Hata hivyo baadhi yao waliambukizwa. Mpira bila kelele ni mpira mkavu. Lakini mimi naona walipiga hesabu sawasawa, maana mgeni hakuweza kungojea kinga iote.

Dharura ya dunia ya ugonjwa huo ilitangazwa kwisha Mei 2023.

Sasa zoezi. Mtu alichanjwa tarehe 28 Julai. Hesabuni siku 14 mbele, mwandike tarehe mtakayofikia. Kisha andikeni maneno haya, silabi kwa silabi: cha-njo, ki-nga, u-ma-ti.