Kilo 44 Zilizopotelea Tanuuni

Muulize mtoto aliyemaliza shule ya msingi maada ni nini, atakujibu bila kusita: ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Sasa muulize kama hewa nayo ni maada. Hapo sauti inapungua. Nimesomesha kemia kidato cha kwanza hapa Unguja miaka mingi, na kila mwaka nawaona wanafunzi wakiandika daftarini kwamba gesi ina uzito, huku nyuso zao zikisema mwalimu huyu anatutania. Siwalaumu. Kitu usichokiona wala kukishika, mtu ana haki ya kukidaia ushahidi.

Ushahidi wangu ni jiwe la matumbawe, lile lile lililojengewa Mji Mkongwe, Lamu, Gede na misikiti ya Kilwa Kisiwani. Nalileta darasani, nalipitisha mkono kwa mkono, na kila mmoja aseme kitu kimoja kulihusu. Jeupe lililofifia. Lina vitundu. Linakwaruza. Ukilitia majini linazama, na vipovu vinatoka vitunduni, lakini haliyeyuki. Ukilipiga nyundo linavunjika. Hizo zote ni sifa za kimaumbile: unaziona, unazipima, na jiwe linabaki lilivyo. Hata ukilisaga likawa vumbi umebadilisha umbo tu. Mafundi wa zamani waliochonga mihirabu walikuwa wakichagua matumbawe laini kutoka baharini na kuyachonga yangali na unyevu, kwa sababu yakikauka yanakuwa magumu mno kwa patasi. Walizijua sifa za kimaumbile za jiwe lao kuliko kitabu chochote nilichowahi kukifundishia.

Lakini kuna jambo ambalo jicho na nyundo haviwezi kulitoa. Hilo linataka moto.

Kusini mwa kisiwa bado wapo watu wanaochoma chokaa. Tanuu lao halina ukuta wala bomba. Magogo yanapangwa duara, safu juu ya safu, katikati panaachwa tundu la kutia kuni kavu na makuti, kisha juu ya magogo yanapangwa mawe mpaka panatokea kichuguu kikubwa. Moto unawashwa katikati. Unawaka usiku kucha, magogo yanakwisha, mawe yanashuka taratibu na kukalia majivu. Nikienda na wanafunzi, mzee mwenye tanuu huwa anawapa vipande viwili wavipime kwa mikono, kimoja kibichi na kimoja kilichoiva, karibu sawa kwa ukubwa. Wanacheka. Kile kilichoiva ni chepesi cha kushangaza.

“Kimekauka, mwalimu,” wanasema. “Maji yametoka.”

Jibu zuri, ila halitoshi. Jiwe lililoanikwa juani mwezi mzima lishakauka, na bado likitoka tanuuni linakuwa jepesi zaidi ya hapo. Chukua kilo 100 za jiwe safi na kavu la aina hii, lichome kwenye joto la nyuzi 900 hivi mpaka liive lote, utabakiwa na kilo 56. Kilo 44 zimekwenda. Hazikuwa maji, wala moshi ule mweusi, maana moshi ni wa kuni. Zimeondoka kama gesi isiyo na rangi wala harufu, mbele ya macho ya watu wote waliokuwa wakiota moto. Gesi hiyo ni kaboni dayoksaidi, hewa ya ukaa tunayoitoa puani.

Mtu wa kwanza kuifanyia hesabu hii kwa mizani alikuwa tabibu wa Scotland, Joseph Black. Hakuwa na shida ya nyumba. Alikuwa akitafuta dawa ya mawe ya kibofu, na wakati ule maji ya chokaa yalikuwa yakinyweshwa wagonjwa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1756. Alionyesha kwamba jiwe likichomwa linapoteza uzito kwa sababu hewa fulani iliyokuwa imefungwa ndani yake imetoka, na kwamba hewa hiyo ikipitishwa kwenye maji ya chokaa yanakuwa meupe kama maziwa. Kabla yake wengi waliamini kwamba ukali wa chokaa unatokana na kitu cha moto kilichoingia jiweni. Mizani ya Black ikasema kinyume: hakuna kilichoingia, kilichokuwamo kimetoka.

Jaribio lake la maji meupe halihitaji maabara. Koroga kijiko cha chokaa katika chupa ya maji, acha itulie hadi kesho, kisha chota yale maji maangavu ya juu. Tia mrija, puliza polepole, usivute hata kidogo. Baada ya dakika moja au mbili maji yanaingia ukungu. Ukungu ule ni jiwe. Pumzi yako imeirudishia chokaa ile hewa iliyofukuzwa na moto. Ukiendelea kupuliza kwa muda mrefu ukungu unaanza kupotea tena, kwani hewa ya ukaa ikizidi majini inaliyeyusha lile jiwe. Maji ya mvua, yenye hewa ya ukaa yaliyoichukua angani na udongoni, yanafanya kazi hiyo hiyo chini ya ardhi, na ndivyo mapango ya Amboni kule Tanga yalivyochimbika. Ndiyo sababu pia birika la chai la visiwani linaota ukoko mweupe ndani. Ukichemsha maji ya kisima, ile hewa inatoka na jiwe linarudi kuganda.

Turudi tanuuni. Kile kipande chepesi si jiwe tena, ingawa kwa sura unaweza kudanganyika. Kidondoshee maji uone. Kinaanza kwa sauti ya kuchachatika, kinapasuka nyufa, mvuke unapanda, kinavimba na kumeguka kuwa unga laini mweupe. Joto lake linaweza kuyachemsha maji. Hakuna aliyewasha moto hapo. Joto limetoka kwenye mkutano wenyewe wa chokaa na maji. Mafundi wanasema wanaizima chokaa, na kwa anayeitazama neno hilo linamtosha. Hapa natoa onyo ambalo sichoki kulirudia: vumbi la chokaa isiyozimwa likiingia jichoni linaunguza, na si la kuchezewa na watoto.

Kuunguza, kuchemka kwa maji, kutoka kwa kaboni dayoksaidi jiweni: hizo ndizo sifa za kikemikali. Huwezi kuzijua kwa kutazama. Huna budi kukiingiza kitu kwenye mabadiliko, na ukishayaona hayo mabadiliko kile kitu cha mwanzo huna tena mkononi.

Hesabu inaendelea mpaka ukutani, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Kilo 56 za chokaa iliyoiva zinakunywa kilo 18 za maji, zinakuwa kilo 74 za chokaa iliyozimwa. Fundi anaipaka ukutani. Ukuta unaanza kuivuta hewa ya ukaa kutoka hewani, kidogo kidogo, kwa miezi na hata miaka. Ukimaliza umevuta kilo 44 na kutoa zile kilo 18 za maji. Jumlisha na utoe mwenyewe: umerudi kwenye kilo 100 za jiwe. Mwenye duka angefunga daftari lake akalale usingizi. Kwa hiyo lipu nzuri ya chokaa haikauki tu kama nguo kambani. Inageuka jiwe, na ndiyo maana fundi mzoefu huinyunyizia maji kwa siku kadhaa na kukataa kuharakishwa. Fundi wa haraka anapaka saruji. Kwenye nyumba za zamani za Mji Mkongwe saruji inaufungia unyevu ndani ya ukuta, mpaka lipu inabanduka vipande vipande. Nimeliona hilo kwenye nyumba nyingi na bado sijazoea.

Sasa tuje kwenye makundi ya maada, maana ndipo wanafunzi wanapokariri bila kuelewa. Lipu mbichi ya fundi ina chokaa, mchanga, udongo mwekundu na maji. Huo ni mchanganyiko. Fundi anaamua mwenyewe atie mchanga makopo mawili au matatu, na hata akizidisha itabaki kuwa lipu, nzuri au mbaya. Mchanga ndani yake bado ni mchanga. Uoshe, uchekeche, utaupata. Maji ya chokaa yale maangavu ni mchanganyiko vilevile, ila umelingana kila mahali, tone la juu sawa na la chini. Lita moja ya maji haibebi hata gramu 2 za chokaa, na kinyume cha sukari, maji yakipata moto yanabeba pungufu zaidi.

Jiwe lenyewe ni jambo jingine. Ni kampaundi, kalsiamu kaboneti, na hapo hakuna wa kuamua vipimo. Katika kila gramu 100 za jiwe safi mna gramu 40 za kalsiamu, 12 za kaboni na 48 za oksijeni, liwe limetoka Makunduchi, Malindi au kwenye ganda la yai la kuku wako. Kalsiamu ikiwa peke yake ni metali ya rangi ya fedha inayofoka povu ikitiwa majini. Kaboni peke yake ni masizi. Oksijeni ndiyo inayokuza moto. Zikifungamana, tabia zote hizo zinatoweka, na unapata kitu kinachokaa baharini karne nzima kwa utulivu kabisa. Huwezi kuzitenganisha kwa chekeche.

Na elementi? Hicho ni kitu ambacho huwezi kukigawanya kikawa vitu vingine kwa njia za kikemikali. Lakini nani anasema huwezi? Mwaka 1789 Antoine Lavoisier, Mfaransa aliyeitengeneza upya kemia, alichapisha orodha ya vitu 33 alivyovihesabu kuwa vya msingi. Oksijeni imo, dhahabu imo, na chokaa pia imo. Moto wa wakati wake ulikuwa umelivunja jiwe ukaishia kwenye chokaa, haukuweza kwenda mbele zaidi. Lavoisier mwenyewe alishuku kwamba ndani yake mna metali iliyojificha. Mwaka 1808 Humphry Davy, pale London, alitumia umeme wa betri na kuitoa kalsiamu. Chokaa ikafutwa kwenye orodha. Haikuwa imebadilika hata chembe. Ni watu waliokuwa wamepata swali kali zaidi la kuiuliza. Nawaambia wanafunzi wasiyachukulie makundi ya maada kama kabila la mtu, kitu ulichozaliwa nacho. Ni kumbukumbu ya yale tuliyoweza kukifanyia hicho kitu mpaka leo.

Mtihani wangu wa mwisho wa muhula ni sahani nne zenye unga mweupe: unga wa muhogo, chumvi ya kusagwa, chokaa mpya iliyozimwa, na chaki ya ubaoni iliyopondwa. Sheria ni moja tu, hakuna kuonja. Wanafunzi wana maji, iodini ya duka la dawa, siki na manjano ya jikoni. Wa muhogo unaumbuka kwanza, kwani iodini inaugeuza buluu iliyokoza mpaka kukaribia weusi. Chumvi inayeyuka yote majini. Chokaa inaigeuza manjano kuwa nyekundu ya kahawia. Waliokulia nyumba zenye bibi mla tambuu hawashangai, maana wameona chokaa ikiiva wekundu pamoja na popoo. Inabaki chaki. Kila mtoto anaapa kwamba chaki ni chokaa, wanaitia siki wakingoja ichemke, nayo inanyamaza. Chaki nyingi za siku hizi ni jasi, kampaundi nyingine kabisa ya kalsiamu, isiyo na hewa ya kutoa.

Siki hiyo, au ndimu, inamfaa pia anayejenga. Chokaa ya unga ikikaa wazi muda mrefu inakutana na hewa na kugeuka jiwe ikiwa bado kirobani, kabla hujaigusa. Kwa macho hutambui: nyeupe ile ile, laini ile ile. Kabla ya kulipa, chukua kijiko kimoja, kamulia ndimu. Chokaa hai itanywa ndimu na kupata joto kidogo tu. Vipovu viwili vitatu si kitu, ni punje za jiwe ambazo hazikuiva. Ikifoka povu kwa nguvu, imeshamaliza kazi yake kirobani. Mwachie muuzaji mzigo wake, au mpe bei ya mchanga.