Pawa Saplai Ndogo kwa Umeme wa Ruaruke

Je, wajua kwamba umeme unaweza kukatika na kompyuta ikaendelea kufanya kazi? Ni kwa kitambo kidogo mno, kama milisekunde 16, pungufu ya wimbi moja kamili la umeme wetu wa hezi 50. Katika kitambo hicho kompyuta hula akiba iliyo ndani ya kapasita kubwa ya pawa saplai. Anayetaka kufungua stesheneri Ruaruke, wilayani Kibiti, na kuweka kompyuta ndogo mezani, aanze kuuliza habari za kapasita hiyo kabla ya kuuliza wati.

Umeme wa ukutani ni volti 230, unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Zamani kuushusha kulihitaji transfoma nzito ya chuma. Pawa saplai ya leo huunyoosha kwanza uende upande mmoja, na zilizo bora huupandisha hadi karibu volti 400. Kisha huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Unapokatwa haraka, transfoma ndogo sana inatosha kuushusha hadi volti 12, 5 na 3.3. Mhandisi Rod Holt alitumia njia hii kwenye Apple II ya mwaka 1977, na mashine ile ikafanya kazi bila feni.

Kwa kompyuta ndogo kuna umbo linaloitwa SFX: milimita 125 kwa 100 kwa 63.5, chini ya nusu ya ujazo wa pawa saplai ya kawaida. Hapo ndipo taabu inapoanza. Nafasi ikibana, mtengenezaji asiye mwaminifu hupunguza kapasita, na mnunuzi haoni kilichopunguzwa.

Lebo husema ukweli kwa anayeisoma vizuri. Tafuta ampea za laini ya volti 12, uzidishe kwa 12. Kasha lililoandikwa wati 500 lenye ampea 16 kwenye laini hiyo linatoa wati 192 tu pale zinapohitajika zaidi. Wala hazihitajiki nyingi: kompyuta ndogo ya kuchapa barua na kutoa nakala mara nyingi haifiki wati 100. Wati 300 za kweli zinatosha kabisa, na zinabaki.

Ukija kwenye umeme wenyewe, nguzo za mwisho za laini ndefu ndizo zenye umeme mdogo, hasa jioni watu wanapowasha kila kitu. Pawa saplai haipunguzi mahitaji yake volti zinaposhuka. Huvuta ampea zaidi. Wati 200 zikivutwa kwenye volti 230 ni ampea 0.87, kwenye volti 180 ni 1.1, na joto la ndani huongezeka. Kwa hiyo chagua inayopokea volti 100 hadi 240 bila swichi ya kubadilisha. Ukiiwekea UPS, hakikisha zinapatana: UPS za bei nafuu hutoa wimbi la kuigiza, na baadhi ya pawa saplai nzuri hulikataa na kuzimika papo hapo.

Joto ndilo adui mkubwa zaidi. Kapasita hupoteza takribani nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Iliyotengenezwa kuvumilia saa 2,000 kwenye nyuzi 105 hukadiriwa kudumu saa 32,000 kwenye nyuzi 65, lakini kwenye nyuzi 75 hubaki saa 16,000. Ndiyo maana nasisitiza kapasita za nyuzi 105, si 85. Na hewa ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ina chumvi. Ikichanganyika na vumbi na unyevu juu ya kibao chenye volti 400, umeme hupata njia isiyo yake. Mijusi kafiri na sisimizi nao hufuata ujoto humo ndani. Vumbi lipulizwe kutoka nje, kasha lisifunguliwe: kapasita hubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kwa haya yote, mimi ningechagua kompyuta ndogo yenye adapta ya nje ya volti 19, kama ya laptop. Joto la adapta hubaki nje ya mashine, na ikiungua unabadilisha adapta peke yake. Tena inafaa kwa sola: kigeuzi cha kupandisha volti 12 za betri kuwa 19 huondoa haja ya inveta, ambayo hupoteza umeme kwa kuupandisha hadi 230 ili adapta iushushe tena. Ila betri ya volti 12 haikai kwenye 12. Inapoisha hukaribia 11, na inapochajiwa hupita 14. Nunua kigeuzi kinachokubali kiwango chote hicho, na fyuzi iwekwe karibu na betri, si karibu na kompyuta, ili waya ukipiga shoti njiani fyuzi ikatike kabla waya haujashika moto.