Kirusi Kimoja, Vifua Vitatu

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo sungura na fisi wamepumzika. Nawasimulia habari za kirusi cha korona, kile kilichotufungia shule mwaka 2020, na namna kinavyowaathiri watoto wadogo na wachanga.

Watu wa kwanza kujulikana kuwa wameugua walikuwa Wuhan, China, Desemba 2019. Kufikia katikati ya Machi 2020, Nairobi na Arusha nako walishapatikana wagonjwa. Kirusi hakina miguu wala mabawa. Kinasafirishwa na pumzi zetu sisi wenyewe.

Haya, tuseme kuna nyumba moja Tanga. Yumo babu mwenye kisukari, yumo mjukuu wake wa darasa la nne, na yumo mdogo wa huyo binti, mtoto wa miezi minne anayenyonya. Jioni moja mjomba anarudi safari na kikohozi. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu, watu wanakula, wanacheka, wanapiga soga hadi usiku. Kila mjomba anapokohoa au kucheka, vitone vidogo visivyoonekana vinaelea sebuleni. Wote watatu wanavivuta.

Siku chache baadaye babu anashikwa na homa, kifua kinambana, na hospitali anawekewa oksijeni siku kadhaa ndipo anapata nafuu. Binti anapata mafua, koo linamwasha, anaharisha kidogo. Baada ya siku mbili anaruka kamba uani. Kirusi ni kile kile. Imekuwaje?

Mnawajua sungusungu, wale wanaolinda mtaa usiku. Mwili nao una sungusungu wake, nao ndio kinga ya mwili. Watafiti waliochunguza pua za watoto waliona kwamba kinga ya humo huwa tayari hata kabla kirusi hakijaingia. Sungusungu wa mtoto wako macho, filimbi mdomoni, mwizi anakamatwa akiwa bado ukutani. Wa babu wamechoka kwa umri na kisukari, wanashtuka mwizi akiwa keshashuka mapafuni. Ndiyo maana watoto wengi hupata homa, kikohozi, makamasi, kuumwa kichwa au koo, pengine kutapika na kuharisha, kisha wakapona nyumbani. Wengine hawaoni dalili hata moja, ila wanaweza kumwambukiza babu.

Lakini msije mkasema korona haiwapati watoto. Inawapata, na baadhi imewalaza na hata kuwaua. Mwenye selimundu, pumu kali, ugonjwa wa moyo au kisukari yuko kwenye hatari zaidi kuliko wenzake. Wapo pia waliopona kirusi chenyewe wakabaki na uchovu na maumivu ya kichwa kwa wiki nyingi.

Na kuna jambo lililowashangaza madaktari. Aprili 2020, huko Uingereza, walianza kupokea watoto wenye homa isiyoshuka, macho mekundu, vipele, tumbo linalouma sana na moyo uliodhoofika. Wengi wao walikuwa wameambukizwa korona wiki 2 hadi 6 kabla, wengine bila hata kujua. Mwizi alishaondoka, lakini sungusungu wakakataa kurudi kwao, wakaanza kuwapiga wenye nyumba. Hali hii hutokea kwa watoto wachache sana, na wengi waliowahi hospitali walipewa dawa za kuituliza kinga wakapona. Kwa hiyo mtoto akirudiwa na homa kali wiki chache baada ya mafua, asiachwe nyumbani.

Sasa tumwendee yule wa miezi minne. Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua, na matundu yake ni membamba mno. Kamasi kidogo tu linatosha kumsumbua: anashika titi, ananyonya mara mbili tatu, anaachia akilia kwa sababu hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Kinga yake nayo bado inajifunza kazi. Kwa hiyo watoto walio chini ya mwaka mmoja, hasa wale wa miezi mitatu kushuka chini, hulazwa zaidi kuliko kaka na dada zao wakubwa. Mtoto wa umri huo mdogo akipata homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe korona au isiwe.

Wahudumu wa afya wana njia rahisi ya kumpima, nanyi mnaweza kumsaidia mama kuifanya. Mtoto akiwa ametulia, mpandisheni fulana mtazame tumbo na kifua. Kila kinapoinuka na kushuka ni pumzi moja. Hesabuni kwa dakika nzima, mmoja akiangalia saa ya simu. Aliye chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 au zaidi, anapumua mbio. Wa miezi 2 hadi mwaka mmoja, mpaka wake ni 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Mkiona pia kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, amekataa kunyonya, amelegea, amepata degedege au midomo imebadilika rangi, hapo hakuna kungoja asubuhi.

Je, mama akiambukizwa aache kunyonyesha? Hapana. Shirika la Afya Duniani linashauri aendelee, anawe mikono kwa sabuni na avae barakoa anapomshika mwanawe. Maziwa yake yanabeba kingamwili. Mtoto mwenyewe asivalishwe barakoa kabla ya miaka 2, maana inaweza kumziba pumzi. Wala asiingizwe kwenye nyungu. Mvuke hauui kirusi kilichomo mwilini, na maji ya moto yanaunguza.

Korona iliwaumiza hata watoto ambao haikuwagusa. Tanzania shule zilifungwa Machi 2020, wanafunzi wa msingi wakarudi mwishoni mwa Juni. Wenzenu wa Uganda, wengi wao, walisubiri hadi Januari 2022. Kliniki nazo zilipungukiwa watu. Mwaka 2021 pekee, watoto wapatao milioni 25 duniani walikosa dozi moja au zaidi za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, magonjwa yanayoweza kumuua mtoto mchanga.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Kirusi bado tunacho, kinazunguka pamoja na mafua mengine. Basi, wajukuu zangu, mwenye mafua asimbusu mtoto mchanga. Kohoeni kwenye kiwiko, fungueni madirisha, naweni kwa sabuni kabla ya kumbeba. Na ukimwona mdogo wako anapumua mbio au amekataa titi, usingoje kuulizwa: mwambie mkubwa saa hiyo hiyo, na asipokusikia mara ya kwanza, mwambie tena.